Ulezi Chini ya Mahema

Siku hizi nikisikia watu wanalipa fedha ili wakalale kwenye hema kando ya ziwa, nacheka, na cheko langu si zuri. Wajukuu wangu wananiambia, bibi, hayo ni mapumziko, watu wanakwenda kubadilisha hewa. Haya. Hewa hiyo mimi niliivuta kiangazi na masika, tangu sijang'oa meno ya utoto mpaka nikaolewa, na sikumbuki kupumzika hata mara moja.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Sisi ni Wafipa wa juu, wa Milanzi, watu wa mahindi na ulezi, Wakatoliki wa kusali Jumapili na kulima siku zilizobaki. Baba alianza kwa kuchukuliwa kama mpagazi wa wazungu waliokuwa wakishuka bonde la Rukwa kuvua samaki, kutazama ndege na kupiga mamba risasi. Serikali ilikuwa imetenga sehemu ya ukingo wa ziwa kuwa hifadhi, isiwe na kijiji wala shamba, na wageni walikuja kupiga kambi humo wakati wa kiangazi. Aliyeisimamia hifadhi ile alikuwa mzungu mmoja ambaye sote tulimwita Bwana Nyama, maana wanyama wote walikuwa wake. Alimpenda baba kwa kuwa alikuwa fundi wa kusimamisha hema na hakuwa mlevi. Akamwambia abaki kulinda kambi mwaka mzima, wageni wawepo wasiwepo.

Baba akarudi Milanzi kutuchukua. Alimwambia mama ni msimu mmoja tu. Mama alimwamini, na mimi simlaumu, maana hata baba mwenyewe alijiamini. Tuliondoka alfajiri na baridi ya kwetu, mama amembeba mdogo wangu mgongoni na jembe begani, tukapita kijiji cha Kizwite watu wakiwasha moto, kisha njia ikaanza kuteremka. Kadiri tulivyoshuka ndivyo joto lilivyotupanda miguuni. Mama alikuwa akigeuka nyuma kutazama juu, na baba akawa anamwambia atazame mbele asijikwae.

Katika hifadhi ilikuwa marufuku kujenga. Si nyumba tu, hata kibanda cha udongo, hata banda la kuku. Ukisimamisha ukuta umehamia, na hakuna aliyeruhusiwa kuhamia. Ukilala chini ya turubai wewe ni mpita njia. Basi sisi tulikuwa wapita njia mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Tulipewa hema kuukuu la kijani, lililotoboka, ambalo wageni hawakulitaka tena. Baba alilishona kwa sindano ya magunia.

Anayelala kwenye hema siku chache za kiangazi hajui hema. Mvua ikinyesha, usiguse turubai kwa ndani. Ukiligusa kwa kidole tu, pale pale panaanza kuvuja na hapaachi. Mdogo wangu alikuwa na umri wa kugusa kila kitu, na kila alipogusa mimi ndiye niliyepigwa, kwa kuwa ndiye niliyeachiwa nimchunge. Kamba nazo zikilowa hukaza, zinang'oa vigingi, hivyo baba alitoka kwenye mvua kuzilegeza, na jua likiwaka anatoka tena kuzikaza. Nguo ziliota ukungu. Chini ya mkeka walilala nge. Maji ya ziwa yalikuwa ya magadi, mazuri kwa kuchemshia maharage na mabaya kwa kila kitu kingine, kwa hiyo tulichota maji ya kunywa kwenye mchanga wa kijito, mwendo mrefu. Viboko walikuja kula majani karibu na tulipolala, tukawasikia wakitafuna. Mama alisema wale angalau wana kwao, asubuhi wanarudi majini.

Mama hakuwa mtu wa kulalamika kwa sauti. Alikuwa na njia yake ya kununa, ya kufanya kila kazi sawasawa kabisa, bila kosa, mpaka unajisikia umemkosea. Tulikula unga wa mahindi wa posho, na kila aliposonga ugali ule alisema, "Haya, karibuni chakula cha serikali." Alichokosa ni ulezi. Kwetu mwanamke asiye na ulezi wake ni kama mgeni jikoni mwake. Hana uji wa kumpa mkwe, hana pombe ya kuitia watu wakamsaidie shambani. Na kwetu shamba halilimwi na mtu mmoja.

Hapo ndipo penyewe, na inafaa nieleze. Mfipa halimi kwa kuchoma miti. Mvua zikiwa zimeshamiri, tunakata majani na kuyakusanya, tunayafunika kwa udongo wenye mizizi yake, tunafanya matuta ya duara, makubwa, moja baada ya jingine, shamba zima. Tunayaita ntumba. Majani yanaoza humo ndani. Mwaka huo unaweza kupachika maharage juu, lakini chakula chenyewe ni cha mvua zinazofuata: unayavunja matuta, unausambaza ule udongo mweusi, unamwaga ulezi. Kwa hiyo anayepiga ntumba amesema kwamba mwaka ujao bado atakuwepo. Tuta lako halikanyagwi na mtu. Na shamba lisilopigwa ntumba miaka ikapita, jumbe wa kijiji analitoa kwa mwingine, wala hakuna ugomvi.

Shamba letu la Milanzi lilikuwa limelala tangu tuliposhuka. Habari zake tulizipata kwa dereva wa lori la samaki, Mwislamu wa mjini Sumbawanga, mtu wa maneno mengi na moyo mwema, aliyeshuka bondeni kila njia ilipopitika kununua samaki waliokaushwa kwa ajili ya duka la mjomba wake. Bibi, mama yake baba, alikuwa akienda mjini kumpa salamu atuletee. Mwaka wa tatu dereva alikuja na salamu nzito.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama, ingawa walikuwa karibu umri mmoja. "Mama mkwe anasema hivi. Jumbe amemwita. Shamba lenu kuna watu wanaliomba. Amewaombea muda, jumbe amekubali, lakini si muda mrefu. Mvua za mwakani zikipita, na hizo zinazofuata zikipita mkiwa hamjapiga ntumba, basi tena."

"Marahaba," mama alijibu. "Mwambie nimesikia."

Kupiga ntumba shamba lote kunataka watu, na watu wanataka pombe ya ulezi, na ulezi hatukuwa nao. Mshahara wa baba uliishia kwenye kodi na posho. Bibi alikuwa mzee, alilima kipande cha kumtosha yeye. Kesho yake mama alichukua jembe lake, akaenda nyuma ya mahema, mahali palipoinuka kidogo, akaanza kukata majani.

Alipiga ntumba pale masika yote, peke yake, na mimi nikimsombea majani. Alitaka avune ulezi papo hapo hifadhini, apande nao juu, apike pombe, aite watu wa Milanzi walirudishe shamba kabla jumbe hajalitoa. Alinieleza hivyo wazi, mimi mtoto, kwa kuwa hakuwa na mwanamke mwingine wa kumweleza. Nilimwuliza kama Bwana Nyama hatakasirika. Akasema, "Kwani kuna kilichopandwa? Nimefukia majani tu."

Baba alimwona, akaendelea na kazi zake. Nadhani aliogopa kumkataza kuliko alivyomwogopa mzungu. Halafu kulikuwa na jambo jingine: mama alikuwa ameanza kuimba tena akifanya kazi, nyimbo za kwetu za kulimia, na baba alikuwa akikaa nje ya hema akimsikiliza na kujifanya anashona turubai.

Kiangazi wageni walikuja wakapiga kambi yao karibu na maji kama kawaida. Bwana Nyama alipozunguka nyuma akayaona matuta, mviringo mviringo, yamejipanga. Alisimama akavua kofia.

"Nani amekufa hapa?" aliuliza.

"Hakuna, bwana," baba alisema.

"Hizi zote ni kaburi za nani?"

"Si makaburi, bwana. Ni majani. Mke wangu amefukia majani."

Bwana Nyama akacheka mpaka akakohoa. Aliwaita wageni wawili waje waone mahali ambapo Wafipa wanazika majani. Nao wakacheka. Mama alikuwa amesimama pembeni amemshika mdogo wangu mkono, akacheka naye, kwa adabu. Bwana Nyama alipomaliza kucheka akasema mahali hapa hapapendezi, wageni watadhani wanalala makaburini, na akamwagiza baba: mvua zikianza kulainisha ardhi, avunje yote, asawazishe pawe sawa kama meza.

Mimi nililia. Mama akanishika mkono akanipeleka kando, na uso wake ulikuwa uking'aa.

"Unalilia nini? Hukusikia alivyosema? Amesema tuvunje!"

Kwetu mwenye ardhi akikuambia uvunje matuta, amekuambia upande. Hakuna sababu nyingine ya kuvunja ntumba iliyooza. Mama alikuwa ameisikia amri ile kama ambavyo angeisikia kwa jumbe wa Milanzi, na hakuna mtu angemtoa hapo. Baba alijua. Miaka ile yote na wazungu ilikuwa imemfundisha kwamba wakisema meza, wanataka meza. Jioni ile alifungua mdomo kumwambia, nilimwona, halafu mama akamwongezea mboga bila kuombwa, jambo ambalo hakulifanya tangu tushuke, na baba akafunga mdomo akala.

Mvua za kwanza zilipoanguka, baba na mama walivunja matuta pamoja. Udongo ulikuwa mweusi, unanukia vizuri. Dereva wa lori alikuwa ameleta mbegu kutoka kwa bibi, ndani ya kitambaa kilichofungwa fundo, na mama aliimwaga kwa mkono wake, anarudi nyuma hatua kwa hatua, kisha tukaifunika kwa matawi ya kuburuta. Bwana Nyama alikuwa Sumbawanga akikimbia mvua. Hapakuwa na mtu hifadhini ila sisi na wanyama wake. Baba alizungusha kamba za mahema ya zamani pembeni akatundika makopo matupu ili viboko na swala waogope kelele. Usiku upepo ukivuma tulisikia makopo yakigongana, na mama alikuwa akisema, "Yanalinda."

Ulezi uliota. Jamani, uliota. Ardhi ile ilikuwa haijawahi kulimwa, na ntumba ilikuwa imeoza sawasawa. Ukiwa mdogo ulezi hauna tofauti na majani ya porini, na mgeni hawezi kuujua. Mara moja Bwana Nyama alikuja ghafla, kwa miguu, lori lake limekwama mbali. Alitazama pale nyuma, makopo akidhani ni ya kufukuzia viboko kambini, akaona kijani kitupu, laini, tambarare. Alimpiga baba begani. Akasema vizuri sana, sasa pamekuwa pazuri. Mama alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Siku zile ndizo pekee za furaha ninazozikumbuka katika maisha ya hema. Nazisema kwa shida, kwa sababu zinaniuma kuliko zile za nge na ukungu. Mama alikuwa akinihesabia watu wa kuwaita: fulani ana mkono mzito, fulani ni mvivu lakini ana nyimbo, fulani asipoitwa atanuna. Alinionyesha jinsi ya kuonja kimea kama kimefikia. Alimwambia baba, "Wewe ukitaka kubaki na mzungu wako, baki. Sisi tutakuletea pombe." Baba akacheka akasema yeye atatangulia mbele.

Mwaka ule ziwa lilipanda. Rukwa ni ziwa pana lisilo na kina, halina mpaka wa kuaminika. Mwaka mmoja liko mbali, unatembea kulifuata, mwaka mwingine linakuja lenyewe mpaka mlangoni. Mvua zilikatika mapema lakini maji hayakurudi. Mahali pote pa wageni pakawa tope. Tulihamisha hema letu mara mbili. Ulezi, kwa kuwa ulikuwa palipoinuka, haukuguswa. Ulikuwa umetoa masuke, vidole vyake vimeanza kujikunja, lakini punje ukiibinya bado inatoa maziwa. Ulihitaji jua kidogo tu, si jingi.

Njia zilikauka mapema pia. Wageni wakaja mapema.

Walikuja na malori mawili, Bwana Nyama mbele. Alitazama ukingo, akaona tope, akatukana kidogo kwa lugha yake. Kisha akageuka, akatazama nyuma. Hapo ndipo palikuwa mahali pakavu pekee, palipoinuka na palipo sawa kama meza. Alitabasamu kabisa. Alitembea mpaka katikati ya ulezi, ukampiga magotini.

"Majani yamekuwa marefu," alisema. "Kata. Piga mahema hapa."

Baba alisimama. Mama naye alikuwa amesimama, mbele ya hema letu, mikono ina unga. Tulikuwa karibu kiasi cha kusikia kila neno.

Bwana Nyama aliona baba hasogei. Akainama, akashika suke moja, akaligeuza. "Hii ni nini? Ni kitu kimepandwa?"

Kulima hifadhini ilikuwa kesi ya bomani, na kufukuzwa kazi lilikuwa jambo dogo katika hayo. Najua hivyo leo, nilijua hivyo hata siku ile. Baba alimtazama mama. Alimtazama kwa kitambo, kama anayeuliza. Mama hakumsaidia kwa jicho wala kwa kichwa.

"Ni majani, bwana," baba alisema. "Ni majani tu."

"Basi kata."

Baba akachukua fyekeo, akafyeka. Wapagazi wa wageni walimsaidia. Baadhi yao walikuwa Wafipa kama sisi, na walijua ni kitu gani wanachokata. Mmoja alikuwa akisema kila baada ya kufyeka, kwa Kifipa, kwa sauti ya chini, mama utusamehe. Walimaliza kabla ya chakula cha mchana. Kisha mahema yalisimama, meupe, mapya, na baba mwenyewe alipiga vigingi. Mwanamke mmoja wa wageni alivua viatu akatembea juu ya mabua akifurahi, akasema kitu, wenzake wakamwitikia. Sikumchukia kwa sababu alikuwa mbaya. Alikuwa mtu mchangamfu tu, aliyetoka mbali kuja kupumzika. Nilimchukia hivyo hivyo, na bado namchukia.

Mama alikusanya masuke yaliyofyekwa. Alipita kati ya kamba za mahema ameinama, akiokota, akiyaweka kwenye ungo. Mgeni mmoja alimpiga picha. Alipouliza anafanya nini, baba alimwambia anasafisha. Mama aliyatandaza masuke juu ya turubai la hema letu, akayageuza kila yalipopata jua upande mmoja, akafukuza ndege. Yalipokauka akayasugua kwa viganja. Kilitoka kitu kama vumbi la kijani, chepesi, na akapuliza, na ungo ukabaki mtupu. Alisugua jingine. Alisugua yote mpaka la mwisho, ingawa kuanzia la kwanza alikuwa ameona kwamba hamna punje.

Baba alikuwa amechuchumaa karibu naye. "Mama watoto," alisema, "mwakani tunaweza kupiga kule juu zaidi, mbali na kambi, hataona."

"Kwa ajili ya nini?" mama aliuliza. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

Baba alimwogopa mama tangu siku ile, na alikuwa mpole kwake kupita kiasi, akimtafutia kuni yeye mwenyewe, akimletea samaki wanono waliobaki kwa wageni. Mama alisema asante kila mara. Kuimba hakuimba tena, na mimi sikuthubutu kumwomba.

Wageni walikuwa bado wapo dereva wa lori la samaki alipofika. Aliegesha mbali kwa heshima ya wazungu, akaja kwa miguu akifuta jasho, na alikuwa ameanza kucheka kabla hajafika, maana bibi alikuwa amempa salamu za furaha. Alisema bibi ameshatafuta mitungi ya kupikia pombe, ameazima kwa majirani. Alisema jumbe mwenyewe ameahidi kuja siku ya kupiga ntumba, na watu wanauliza mama anapanda mlima lini. Kisha akayaona mahema meupe pale nyuma, na akamwona mama, na cheko lake likaisha taratibu.

"Nimwambie nini mama mkwe?" aliuliza.

Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo ule ule, na vidole vyake havikusimama.

"Mwambie arudishe mitungi ya watu," alisema. "Na jumbe ampe shamba mtu mwenye nyumba."

Dereva akaenda kupakia samaki wake, akapandisha mlima.